Jakaranda ya Andrea

Mama yangu, Bernadeta, aliuza miche ya miti ya maua kwa miaka ishirini na minne kando ya barabara iendayo Kilakala, na katika muda wote huo hakuna mteja aliyerudi kumwambia kwamba alipewa mti ambao hakuuomba. Walirudi kwa malalamiko mengine: mche umekauka, mbwa ameufukua, jirani anadai mizizi itapasua ukuta wake. Lakini aliyeomba mkrismasi aliona maua mekundu Desemba ilipofika, na aliyeomba jakaranda aliona zambarau.

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu tangu tumzike wapo ndugu wa kijijini kwetu mlimani wanaosema kwamba hakuwa akijua miti. Aliijua. Alinifundisha mimi nikiwa darasa la tatu, kwa kunifunga macho na upindo wa kanga na kunipa jani mkononi. Nilitakiwa kulitaja kabla hajamaliza Salamu Maria moja. Jani lililogawanyika katikati kama kwato la mbuzi lilikuwa rahisi, na mti wake hutoa maua ya waridi. Jani jembamba lenye utomvu mweupe lilikuwa la ule mti wa kengele za njano ambao mama hakuuza kwenye nyumba yenye watoto, kwa sababu una sumu. Upo mwingine wa kengele za njano usio na madhara, na huo jani lake lina meno pembeni kama msumeno. Kifabakazi nilikijua hata bila jani, kwa vitumba vya maua yake vinavyoficha maji, ambavyo tulivitumia kurushiana tukitoka shule.

Kazi ilikuwa kwenye jakaranda na mkrismasi. Ikiwa michanga, yote miwili ina majani laini kama manyoya ya kuku, na wauza miche wengi mjini huuza mmoja kwa jina la mwingine bila kujua. Mama alinikaripia mpaka nikashika: jani dogo la jakaranda lina ncha kali, la mkrismasi lina ncha ya mviringo. Majani ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hupishana kwenye shina. "Na ukishindwa kabisa," alisema, "ungoje jioni. Mkrismasi hufumba majani yake jua likizama, ukayakuta yamefunguka asubuhi. Jakaranda haifumbi."

Aliyemfundisha yeye ni Mzee Mikidadi wa Mazimbu, ambaye alikuwa na kitalu chake mwenyewe karibu na mto. Lakini kabla ya kumfundisha alimpa mche mmoja, na mche huo ndio habari yenyewe.

Mwaka 1993 mama alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akishuka na mboga kutoka kijijini kwetu, juu ya Kinole, kuuza sokoni mjini, na alipata mimba ya mwanamume aliyekuwa na mke wake. Mtoto alizaliwa Aprili, wa kiume, akaishi siku mbili. Muuguzi Mkatoliki alipoona hali yake alimmwagia maji ya ubatizo kwa kikombe na kumwita Andrea.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, awe na baba au asiwe naye, na mahali pake pa kuzikwa ni kwenye makaburi ya ukoo huo. Mwenye neno la mwisho ni mjomba. Kwa hiyo mama alimwita kaka yake mkubwa, Severini, aje wambebe Andrea kumpandisha mlimani. Mjomba alikuja. Alisimama nje ya mlango na hakuvua hata kofia. Kimila hakuwa na sababu ya kumkataa mtoto yule. Alikuwa na hasira tu.

"Mlima ni mrefu kwa mzigo usiolia," alimwambia. "Mzike hukohuko ulikomtolea."

Akazikwa pembezoni mwa mji, katika mstari wa makaburi ya watoto wachanga. Misalaba ya mbao pale haikumaliza mwaka kwa sababu ya mchwa, na wasio na saruji walipanda kitu ili wasipotelewe. Mzee Mikidadi, aliyekuwa jirani wa mama sokoni, alimpa mche kwenye kiriba cha nailoni akamwambia, "Ni jakaranda hii, mwanangu. Itakuonyesha alipo."

Mama aliupanda peke yake jua likizama. Habari ya jioni ile alinisimulia labda mara mia. Alisema mche ulipotua ardhini tu ulinyong'onyea, majani yote yakajikunja kama umekufa, naye akaumwagia maji ya kopo zima na kulia kwamba hata mti umemkataa mwanawe. Alfajiri alirudi kuung'oa. Akaukuta umesimama, majani yamefunguka yote, umande juu yake.

"Ulikuwa umefufuka," alikuwa akisema. "Nikajua Mungu amempokea."

Kwa hilo alisimama tena. Alirudi mlimani, akaolewa na baba yangu, na mwaka 2000 walihamia mjini mimi nikiwa mgongoni. Oktoba hiyo alikwenda makaburini baada ya miaka saba. Katika mstari ule wa watoto ilikuwa imepona miti miwili tu, mmoja jakaranda iliyojaa zambarau, na hatua nne kando yake mkrismasi. Mama alipiga magoti chini ya jakaranda. Rangi ya maombolezo ya Kanisa, alisema, Mungu kaichagua mwenyewe.

Tulikwenda pale kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, baada ya misa ya kwanza, na kila Aprili kabla ya kufungua kitalu. Asubuhi siku zote. Tuliupita ule mkrismasi tukiwa na ndoo ya maji na fagio, na maji yote tuliyamwaga kwenye jakaranda.

Mwaka juzi mwezi wa nne lilikuja tangazo kwamba barabara itapanuliwa na makaburi yale yatahamishwa. Familia itakayotambua kaburi lake ingekabidhiwa mabaki ikazike inapotaka. Makaburi yasiyo na mwenyewe yangewekwa alama nyekundu, na yote yangekwenda kwenye shimo moja nje ya mji. Mama alifurahi nikamshangaa. Miaka thelathini na moja alikuwa akitaka kitu kimoja, Andrea alale mlimani kwa watu wake, na sasa serikali ilikuwa ikimchimbua. Fomu ilitaka saini mbili, ya mzazi na ya mkuu wa ukoo. Safari hii Mjomba Severini alikubali, kwa sababu majina ya familia zenye marehemu wa kuhamisha yalisomwa kanisani na la kwetu likiwemo. Aliandika: kaburi chini ya jakaranda.

Jioni ya kuamkia siku ya kuchimba, mwezi Mei, mama aliniambia twende tukafunge kitambaa cheupe kwenye shina ili vibarua wasikosee. Miti ilikuwa kijani tupu, haina ua hata moja. Alifunga kitambaa, akakaa chini, tukaanza rozari. Tulikuwa kwenye fungu la nne nilipoona amenyamaza. Alikuwa akiutazama mkrismasi. Jua lilikuwa limegusa mlima, na majani ya ule mti yalikuwa yanafumba, kitawi baada ya kitawi.

"Lucy," alisema. "Asubuhi ile niliukuta umefufuka."

"Ndiyo, mama."

"Jioni ulikuwa umejikunja."

Na mimi nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimeisikia habari ile mara mia, na kanuni ya jioni nilikuwa nimeijua tangu darasa la tatu, na hata siku moja sikuwa nimeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Juu yetu jakaranda ilikuwa imekunjua majani yake yote kama mchana.

"Haifumbi," alisema mama. Aliinuka, akaenda hatua nne, akashika shina la mkrismasi kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema, "Nimekupita," kisha akarudia.

Tulipanda bodaboda kwenda Mazimbu. Mzee Mikidadi alikuwa ndiyo kwanza anakunja mkeka wa sala ya Magharibi. Mama alimwamkia, kisha bila kukaa akamuuliza kuhusu mche wa mwaka 1993.

Mzee aliuweka mkeka kando. "Mbuzi waliingia kitaluni wiki ile," alisema. "Wakaangusha viriba. Tulivipanga upya kwa kukisia. Miche ilipofika magotini ndipo nikaona mstari ule wote ni mkrismasi."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa umerudi mlimani. Na ulipokuja tena ulikuwa umeshapata pa kulilia. Nikasema Mungu anajua mtoto alipo, mimi nitamnyang'anya nini huyu?"

"Miaka ishirini na minne nimefanya kazi ya mikono yako, mzee. Umenifundisha kila jani."

"Nimekufundisha," alisema. "Lile la kwako ndilo sikuweza." Kisha akasema kesho atakuja kulisema mbele ya watu.

Msimamizi wa uchimbaji alikuwa kijana anaitwa Abel. Tulimkuta saa moja asubuhi akigawa makoleo.

"Shikamoo mama. Mimi sina shida," alisema baada ya kusikiliza. "Ule mkrismasi una alama nyekundu, hauna mwenyewe. Nawapa fomu mpya. Saini ni zilezile mbili, nileteeni kabla ya saa nne. Saa nne kijiko cha kuchimbia kinaingia, na kikiingia hakibagui."

Mjomba Severini alifika saa tatu, amevaa koti, akakaa juu ya rundo la matofali na kumiminiwa chai na mwanawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Na mzee wa kanzu huyu? Mmeniletea shehe wa kutusomea dua?"

"Mimi ndiye niliyempa mche," alisema Mzee Mikidadi.

"Ahaa. Fundi mwenyewe."

Mama alikuwa ameshika fomu. "Kaka, nimekosea. Andrea hayuko kwenye jakaranda. Yuko pale, kwenye mkrismasi."

"Nani kakuambia?"

"Majani."

Mjomba aliwageukia vibarua. "Mmesikia, jamani? Dada yangu anapokea taarifa kwa majani." Walicheka. Mmoja alificha uso nyuma ya mpini wa koleo.

Mzee Mikidadi alieleza habari ya kitalu, taratibu, bila kuruka kitu. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake.

"Kwa hiyo shahidi wenu ni mbuzi."

"Kaka, nakuomba saini," alisema mama. "Sikuombi kingine maishani."

"Unaitaka sana?"

"Naitaka."

"Basi waambie hawa wote, kwa sauti, kwamba miaka thelathini na moja umelilia kaburi la watu. Ukoo mzima umekuwa ukiambiwa jakaranda, jakaranda. Nataka wasikie wewe mwenyewe unavyosema."

Mama alivua kandambili. Alipiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, mbele ya vibarua na mbele ya wafiwa wengine waliokuwa wakingoja zamu zao, watu wanaonunua miche kwake.

"Mimi Bernadeta nimelilia kaburi lisilo langu," alisema. "Maji nimemwagia mtoto wa mwenzangu. Wa kwangu nimempita hatua nne, kila mwaka."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alimaliza chai, akafuta kikombe kwa vidole, akampa mwanawe. Akaichukua fomu, akaisoma pande zote mbili, kisha akaikunja na kumrudishia mama.

"Haya. Sasa niambie, Bernadeta. Mtu aliyekosea miaka thelathini na moja, leo nimwamini kwa jambo la jana jioni?" Akainua sauti. "Chimbeni jakaranda."

"Mzee, ni saini tu," alisema Abel.

"Kijana, mama yako yupo?"

"Yupo."

"Mwambie akufundishe kunyamaza wakubwa wakizungumza."

Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini. Nilimnong'oneza mama kwamba niende nikachote udongo wa chini ya mkrismasi, hata kiganja kimoja, nitauchanganya sandukuni. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Usimgawe," alisema. "Nusu ikienda na mimi, nusu nyingine itabaki na nani?"

Walichimba chini ya jakaranda. Hapakuwa na mfupa, kwa mtoto wa siku mbili usingeutegemea. Palikuwa na udongo mweusi kuliko wa pembeni, uliofumwa na vijizizi. Waliujaza kwenye kisanduku cha mbao kisichozidi katoni ya sabuni na kuandika juu yake ANDREA kwa rangi. Saa nne kijiko kiliingia, mashine ya manjano yenye mkono mrefu. Mkrismasi uliangushwa kwa kusukumwa mara mbili. Udongo wake ulipakiwa kwenye lori moja pamoja na ule wa makaburi mengine yenye alama nyekundu, na mama alisimama akiliangalia lori mpaka likapinda barabarani.

Alasiri ileile tulipanda mlimani. Kuanzia Kinole gari haifiki kwetu, kwa hiyo kisanduku mama alikibeba kichwani. Njia nzima nilimsikia akiongea nacho kwa sauti ya chini. Nilidhani anasali. Niliposogea nilisikia, "Nisamehe, mtoto wa watu. Sijui unaitwa nani. Mama yako akija kukutafuta atakuta barabara."

Kaburini Mjomba Severini alihutubia. Alisema leo ukoo umemrudisha mtoto wake nyumbani, na kwamba yeye kama mkuu hakulala mpaka jambo hilo limekamilika. Watu waliitikia vizuri. Katekista aliposoma jina la Andrea kila mtu alisema amina isipokuwa mama. Nilimuona mjomba akiliona hilo.

Baada ya hapo mama alirudi kwenye miche yake. Lakini mteja aliyeomba jakaranda au mkrismasi aliambiwa alipie kesho, arudi leo jioni kwanza.

"Mama Lucy, kwani hujui unachouza?"

"Najua. Uje jua likizama, ujue na wewe."

Wengine walicheka wakaenda kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiuza yote miwili kutoka rundo moja. Wachache walirudi. Mama aliwakalisha kwenye viti vidogo wakayatazama majani yakifumba, na hakuwaeleza kwa nini.

Presha ilimlaza mwezi wa pili mwaka jana. Alipata Mpako wa Wagonjwa, akaungama, na siku moja kabla ya kufa aliniomba mbele ya paroko tumzike nje ya mji, kule kwenye lile shimo la alama nyekundu, au karibu nalo iwezekanavyo. Alifariki wiki ya pili ya Kwaresima, altare zote zikiwa na zambarau.

Nilimpigia Mjomba Severini nikamweleza ombi hilo. Nilimweleza kwa heshima yote, na nikataja jina la paroko.

"Lucy," alisema, "mama yako ana mtoto huku. Tumemzika kwa mikono yetu, na ukoo wote ulishuhudia. Unataka tumtenge mama na mwanawe? Watu watatuonaje?"

Neno la mwisho ni la mjomba. Tulimpandisha mlimani tukamzika kando ya kisanduku kile. Msalaba mmoja wa saruji umeandikwa majina yote mawili, Bernadeta na Andrea. Nikienda huko nawaombea wote wawili, yeye na yule mtoto ambaye jina lake Mungu analijua, na nakiri kwamba kumsamehe mjomba bado ni sala ambayo huwa naianza na kuishia njiani.

Arobaini ilipopita nilikwenda kitaluni saa kumi jioni. Nilichagua mche mmoja kwa jani la ncha ya mviringo, nikaangalia jinsi majani yanavyopishana kwenye shina, na bado nikakaa nao mpaka saa kumi na mbili na nusu. Ulipofumba nikaubeba.

Lile shimo sasa limefunikwa kwa zege na lina namba badala ya majina. Mlinzi aliniruhusu nipande pembeni. Nilichimba, nikashindilia udongo, nikamwaga maji ya kopo zima. Alisogea na tochi yake akaumulika mche, majani yake yote yamejikunja.

"Dada, pole," alisema. "Umepanda uliokufa."

"Haujafa, kaka," nilimwambia. "Utautazama asubuhi."